Mtoto Atalala kwa Nani?

Mzazi anayehamia Galu na kijana wa sekondari huja kwangu na maswali matatu, karibu kila mara kwa mpangilio uleule: nyumba ya kupanga ipo wapi, kodi ni ngapi, na shule nzuri ni ipi. Wazee waliokaa hapa kabla ya lami nao walikuwa na maswali yao, lakini la kwanza lilikuwa jingine. Waliuliza mtoto atalala kwa nani. Likishajibiwa hilo, shule ilikuwa ile iliyo karibu na mtu huyo, na nyumba ilikuwa ya mtu huyo. Nimefundisha sekondari huku kusini ya Likoni karibu maisha yangu yote ya kazi, nikastaafu nikarudi Galu nilikozaliwa. Kadiri ninavyoitazama historia ya elimu ya pwani hii ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba wazee walianzia panapostahili, na kwamba sisi tumeupindua mpangilio wao kwa hasara ya watoto.

Asiyeijua Galu na aiweke hivi akilini. Mashariki ni bahari na mwamba unaovunja mawimbi. Kando ya mchanga kuna hoteli na majumba ya wageni, na nyuma yake vijiji vyetu vya minazi juu ya mawe ya matumbawe. Magharibi zaidi inapita barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ambako matatu tunaidakia Mwabungo au Kona ya Musa. Kaskazini ni Diani na mji wa Ukunda. Kusini ni Kinondo na msitu wake wa kaya, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mbele ya Kinondo utafika Gazi, kisha Msambweni. Katika sehemu kubwa ya karne iliyopita eneo hili halikuwa na sekondari hata moja ya kutegemewa. Aliyetaka kusoma alihama, na kwa hiyo ukisimulia elimu ya hapa unasimulia safari za watoto na nyumba zilizowapokea.

Safari hizo zilianza na chuo cha Qur'ani. Mtoto alishika ubao wake akapelekwa kwa mwalimu, na ikiwa mwalimu aliyesifika yuko Gazi, Vanga au Tiwi, mtoto alihamia hukohuko. Alilala kwa mwalimu, alikula kwa mwalimu, aliteka maji na kulima shamba la mwalimu mpaka akahitimu. Mzazi aliyechagua chuo alikuwa anachagua nyumba. Aliulizia kisomo, lakini aliulizia pia mke wa mwalimu ana mkono gani na watoto wa watu, mtoto akipatwa na homa nani atamkalia usiku, na je, mwalimu huyu hufikia wapi anapokasirika. Nyanya yangu aliweza kukutajia walimu wa vijiji vingi, na sifa aliyoitaja mwanzo ilikuwa tabia ya nyumba, kisomo kikafuata.

Juu ya hayo, sisi Wadigo tulikuwa na mjomba. Ukoo wetu ulihesabiwa kwa mama. Mali ya mwanamume iliwaendea watoto wa dada yake, na mjomba alikuwa na kauli juu ya mpwa wake ambayo baba hakuweza kuipita. Uislamu ulipoenea hapa, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuja na sheria yake ya mirathi inayomtazama baba na wanawe. Mvutano kati ya sheria hiyo na mila ulizaa kesi na ugomvi wa familia katika enzi yote ya mkoloni. Shamba la minazi liligawanya watu wa tumbo moja. Lakini kwa kijana anayehamishwa mila ile ilikuwa na faida kubwa: alikuwa na nyumba mbili zenye haki naye. Akipelekwa kwa mjomba hakwenda kama mgeni wala kama mtumishi. Alikwenda kwao, na kila mtu wa kijiji kile alimjua ni mpwa wa nani kabla hajaweka mkeka wake chini.

Skuli ya kizungu ilipofika ilizikuta desturi hizi mbili zimeshasimama. Wamishonari walikuwa wameanza kaskazini: Krapf huko Rabai tangu 1846, kisha Ribe, baadaye Kaloleni. Ronald Ngala, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa pwani wakati wa uhuru, alianzia Kaloleni, akaenda Shimo la Tewa, kisha Alliance kule Kikuyu, shule iliyofunguliwa 1926 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango mwembamba wa Waafrika kuingia sekondari kamili. Kusini mambo yalikuwa tofauti. Wadigo walikuwa Waislamu, na baba wa Kidigo aliiogopa shule ya misheni kwa sababu moja iliyo wazi: hakutaka mwanawe arudi na dini nyingine na jina jingine. Mombasa kulikuwa na Shule ya Waarabu iliyofunguliwa na serikali mwaka 1912, lakini ubaguzi wa mkoloni uliipa kila jamii shule yake, na mtoto wa mvuvi wa Galu hakuhesabiwa Mwarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikafungua shule Waa, kwenye barabara ya Likoni, mahsusi kwa Waafrika wa upande huu, bila kanisa. Kwa muda mrefu Waa ndiyo iliyokuwa skuli ya kusini.

Ndugu mkubwa wa nyanya yangu alikuwa miongoni mwa wavulana waliopelekwa Waa kutoka vijiji vyetu. Safari yenyewe ilipangwa kwa kutazama mwezi na kupwa kwa maji, kwa kuwa njia fupi ilikuwa ufukwe. Waliondoka maji yakiwa yametoka, wakafuata mchanga wa Galu na Diani hadi mlango wa mto Mwachema karibu na msikiti wa kale wa Kongo, wakavuka kwa miguu, kisha wakapanda Tiwi na kuingia Waa jua likiwa limeinama. Huko palikuwa na nyumba mbili za jamaa zilizokuwa tayari kumpokea. Moja ilikuwa karibu kabisa na skuli, ya mtu mwenye ng'ombe na sahani isiyokauka. Nyingine ilikuwa mbali, kijijini ndani, ya mtu wa kawaida aliyekuwa akisomesha Qur'ani jioni. Baraza la familia lilichagua ile ya mbali. Sababu, kama nyanya alivyotusimulia, ilikuwa kwamba mwenye ng'ombe hakuwa mtu wa kukaa kwake, na kijana ataamka kwa mlio wa tumbo lake tu. Katika nyumba ya pili ataamshwa kwa ajili ya alfajiri, atarudi magharibi akute watu, na atakayoambiwa skulini mchana yatapimwa chuoni usiku. Kijana akatembea masafa yale miaka yote ya masomo yake. Alimaliza akawa karani, na hakupoteza sala wala kabila.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi hofu ya wazee ilivyopata jibu. Hawakuikataa skuli, kama wengine walivyoandika kwa haraka juu ya watu wa pwani. Waliiwekea mlezi wa kuisimamia. Palipokuwa na mlezi, watoto walikwenda. Palipokosekana, walibaki nyumbani, na anayehesabu waliobaki bila kuhesabu nyumba zilizokosekana hatujui.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mlango mwingine ulifunguka Mombasa. Taasisi ya Elimu ya Waislamu, ambayo kila mtu aliiita MIOME, ilianza kufundisha mwaka 1951 kwa fedha za Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya Uingereza. Ilifundisha ufundi wa mitambo, umeme na ubaharia, na ilipokea vijana wa Kiislamu kutoka Afrika Mashariki yote. Baadaye ikawa Mombasa Polytechnic, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa wazazi wa kusini jambo lililowavuta lilikuwa bweni lenye msikiti. Kwa mara ya kwanza taasisi kubwa ilikuwa imechukua dhamana ya mjomba: kijana atalala wapi, atakula nini, ataswali na nani. Waliokuwa wakisitasita juu ya skuli nyingine walifunga masanduku ya wana wao wakawavusha feri.

Uhuru ulikuja 1963 na hamu kubwa ya masomo. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka taifa liwe na mfumo mmoja wa elimu usio na shule za rangi, na wananchi kote nchini wakajenga sekondari za harambee kwa michango yao. Kwale, wilaya yetu, ilienda polepole. Nafasi zilikuwa chache, na za wasichana zilikuwa chache zaidi, hata mtoto wa kike aliyefaulu alikuwa akimletea babake swali badala ya sherehe. Mimi nilifaulu miaka ya 1970 nikapata nafasi katika shule ya wasichana kisiwani Mombasa, ya kutwa. Baba alikuwa mvuvi, mama alishona makuti ya kuuza kwa wenye hoteli. Rafiki wa baba aliyeishi kisiwani, hatua chache kutoka shuleni, alijitolea nikae kwake bila malipo, katika nyumba ya ghorofa yenye umeme. Mama alikataa. Alikuwa amekwenda kuitazama nyumba ile mchana, akaikuta ina vijana wengi wa kiume na haina mwanamke mpaka usiku. Akanipeleka Likoni kwa mama mdogo, katika chumba kimoja na taa ya chemni.

Mama mdogo alikuwa akikaanga mihogo kando ya njia ya feri. Alizijua feri kuliko mabaharia wake. Alijua shule inatoka saa ngapi, alijua mwendo wa kutoka shuleni hadi kivukoni, na nikipitwa na feri moja aliuliza kwa nini. Wauza njugu, wabeba mizigo na mama wa maji ya madafu wote waliambiwa kwamba mimi ni mwanawe. Nilikuwa na umri wa kutaka kufichika na sikuwa na pa kufichika, jambo lililoniudhi wakati ule na ambalo leo naliona ndilo lililonisomesha. Shule ilinipa vitabu na walimu wazuri, nami nina deni nayo. Lakini miongoni mwetu tulioanza pamoja kutoka kusini, waliofika mwisho walikuwa wale waliokuwa na mtu anayezihesabu feri.

Katika miaka hiyohiyo Galu na Diani zilikuwa zinabadilika. Hoteli za mwanzo ni za enzi ya mkoloni, ila miaka ya 1970 zilizidi, ndege za kukodi zikaleta Wajerumani, Waswisi na Waitaliano moja kwa moja hadi Mombasa. Familia nyingi za ufukweni ziliuza viwanja kwa bei ambayo leo inaumiza kuitaja, nyingine zikaikosa ardhi bila kuuza, zikarudi nyuma kuelekea barabara kuu. Wapishi, wahudumu, mafundi na wasusi wakaja kutoka bara na kujaza Ukunda. Ndipo ulipoanza uhamiaji wa aina mpya: baba na mama wanakuja kwa kazi, na kijana anafuatana nao katika mji ambao hawana mjomba wala shangazi.

Wageni hao walijifunza desturi yetu kwa njia ya nyumba za kupanga. Nyumba ya Kiswahili ya Ukunda ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua mmoja wa kupikia na kufulia. Mama mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele, macho barabarani. Mjaluo, Mkamba na Mtaita waliopanga humo walikuja kumkabidhi yeye watoto wao walipokuwa zamu ya usiku hotelini. Nimefundisha vijana wengi waliolelewa ukumbini namna hiyo, ambao fomu zao za shule zilitiwa sahihi na mwanamke asiye wa damu yao. Kodi yao ilikuwa ikinunua zaidi ya chumba, na wenye kujua walichagua chumba kwa kumtazama mama wa mbele kabla ya kutazama paa.

Upande wa pili wa utalii nao ulikuwepo, na mzazi yeyote anayehamia ufukweni lazima auangalie usoni. Kijana wa Kidato cha Pili aliweza kupata siku moja mchangani, kwa kuongoza wageni au kuuza vinyago, fedha ambazo mwalimu wake hakuziona kwa wiki. Wapo walioacha shule kwa ajili hiyo. Kwa wasichana hatari ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono wa watoto katika utalii wa pwani, na Diani ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Sisi walimu hatukuhitaji ripoti kujua viti vilivyokuwa vitupu. Tulichojifunza ni kwamba saa za hatari zilikuwa zile kati ya kengele ya mwisho na magharibi, na kwamba swali la nani yuko nyumbani saa hizo lilikuwa zito kuliko swali la alama za shule.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulileta hesabu nyingine. Sera ya wakati huo iliwatengea watoto wa eneo la shule asilimia 85 ya nafasi katika sekondari nyingi, kwa hiyo mahali mtoto alipofanyia mtihani wa darasa la nane pakawa jambo la kupangwa mapema. Wapo waliorudisha watoto Kwale kabla ya mtihani, na wapo waliowatoa. Shule nazo zilikuwa zinakua: Waa, Kwale, Matuga kwa wasichana, Kingwede kule Msambweni, Kaya Tiwi, na katika mji wetu wa jirani Sekondari ya Dk. Babla Diani. Mtoto wa Galu sasa aliweza kusoma bila kuvuka maji.

Na kuvuka maji kulikuwa kumeanza kuogopwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikaua watu 272, wengi wao wakienda zao kazini asubuhi. Wazazi wenye watoto wanaosoma kisiwani hawakulala vizuri tena. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1997, ghasia zilizoanzia Likoni zikasambaa hadi Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu waliotoka bara wakakimbia, wakiwemo walimu na wanafunzi. Tuliporudi madarasani tulikuta madawati matupu ya watu tuliowajua kwa majina. Nakumbuka pia nyumba ambazo mama wa mbele alisimama mlangoni akasema hawa ni wanangu, na hawakuguswa. Kwa aliyetaka kujua mlezi anafaa nini, wiki zile zilijibu.

Karne hii imeleta fedha na majengo. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi 2003, mwaka uleule fedha za maendeleo ya maeneo bunge zilipoanza kujenga sekondari za kutwa vijijini. Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Kaunti ya Kwale ilipoundwa 2013, gavana wa kwanza, Salim Mvurya, alianzisha mpango wa Elimu ni Sasa, ambao umewalipia karo maelfu ya watoto wa Kwale na kuwafikisha shule za kitaifa ambazo zamani tulizisikia redioni. Shule zetu za Kwale na Matuga zenyewe zikapandishwa kuwa za kitaifa. Haya ni mafanikio ya kweli na waliohangaika kuyaleta wanastahili shukrani.

Lakini jengo si mlezi. Familia za vijiji vya Maumba na Nguluku, hapahapa Kwale, zilihamishwa kupisha uchimbaji wa titani, mgodi uliofanya kazi kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, na baadhi yao wakapelekwa Bwiti, mbali na jamaa zao. Fidia ilihesabu miti na nyumba. Haikuwa na safu ya kuandika shangazi aliyekuwa akimlaza mtoto wa dada yake siku za mitihani, kwa sababu hakuna aliyeuliza alikuwa na thamani gani.

Wahamiaji wa sasa wa Galu wanatoka Nairobi na hata Ulaya. Wengi walikuja tangu korona ya 2020, wakagundua kwamba kazi yao hufanyika popote penye intaneti. Hutafuta nyumba yenye upepo wa bahari kwanza. Shule hufuata, nayo mara nyingi iko Ukunda au mbali zaidi, na baina ya hizo mbili wanaweka bodaboda. Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka 15 baada ya muhula mbaya. Nyumba yao ilikuwa nzuri sana, njia ya mchanga, majirani ni majumba yaliyofungwa mpaka Desemba. Kijana alichukuliwa na pikipiki kabla ya mapambazuko na kurudi alasiri kwenye nyumba tupu, kwa sababu mikutano ya mama kwenye kompyuta ilimweka chumbani hadi usiku. Nilimuuliza kijana ana shida gani na masomo.

"Masomo si mabaya, nyanya," akanijibu. "Ila hapa hakuna anayenijua."

Tulimtafutia mtu wa kumjua. Muuguzi mstaafu wa Mwabungo, mjane mwenye nyumba kubwa na wajukuu wawili wa umri wake, alikubali awe anashukia kwake kila akitoka shule, ale, afanye kazi yake ya shule na wenzake, kisha achukuliwe baada ya isha. Muhula uliofuata mama aliacha nyumba ya ufukweni akapanga karibu na yule muuguzi, mahali pasipo na upepo mwingi lakini penye duka, msikiti, uwanja wa mpira na watu wanaomwita kijana kwa jina. Shule hakubadilisha. Kijana alibadilika.

Ninaiandika historia hii sasa kwa sababu uchaguzi umekuwa mgumu zaidi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, chini ya mtaala mpya wenye mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Shule si sawa katika mikondo zinayotoa, na mzazi hukaa na orodha ya shule na masomo mbele yake usiku kucha. Orodha hiyo ni ya lazima. Mtoto anayetaka uhandisi apelekwe penye maabara, na penye bweni zuri lenye walimu wanaolala hapo, bweni ni mlezi halali kama MIOME ilivyokuwa kwa baba zetu. Hata hivyo hesabu ya wiki haiishii darasani. Kuna alasiri, kuna Jumamosi, kuna likizo za kutwa nzima, kuna disko matanga zinazokesha kijiji cha pili, na hakuna mkondo unaojibu kijana atakuwa na nani saa hizo.

Kwa hiyo nawaambia wanaohamia Galu, na wanaohamia popote na kijana: njooni kabla ya gari la mizigo. Ketini barazani Mwabungo, Kinondo au Ukunda alasiri, saa ambazo watoto wanatoka shule, mtazame nani anawaita na nani anawajibu. Mwulizeni imamu, mwulizeni mama wa duka, mwulizeni mkuu wa shule wanafunzi wake wa kutwa wanalala kwa nani. Mkishampata mtu ambaye mngemwachia mtoto siku mkipatwa na ugonjwa, tafuteni nyumba karibu naye, kisha chagueni shule ambayo mtoto ataifikia kutoka hapo bila kutoka gizani na kurudi gizani. Kwa Wagalu wenzangu nasema mlango uliomfungulia mpwa na ufunguliwe mgeni, kwa makubaliano ya haki na heshima. Na kwa kaunti yetu iliyolipa karo kwa moyo mkubwa, hatua iliyobaki iko wazi: itambue nyumba za walezi wanaoaminika karibu na sekondari za kutwa, izikague, izisaidie chakula, na iandike majina yao shuleni. Kijana atafuata skuli popote ilipo akiwa na mtu anayemsubiri arudi.